Robert Smalls, Mshika Usukani wa Charleston

Nataka kuwaeleza kwa ufupi maisha ya Robert Smalls.

Alizaliwa utumwani tarehe 5 Aprili 1839, katika mji wa Beaufort, South Carolina, huko Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kazi za mshahara, lakini karibu mshahara wote ulikwenda kwa bwana wake. Hakufundishwa kusoma. Hata hivyo, bandarini alijifunza mikondo ya maji, mafungu ya mchanga na njia zote za meli.

Katika miaka ya 1860 na 1861 majimbo ya kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, yakaunda dola yao. Manowari zao zilikuwa chache mno. Basi pwani ililindwa kwa ngome, kwa mabomu yaliyotegwa majini, na kwa meli za biashara zilizotiwa mizinga. Mojawapo ilikuwa Planter, iliyokuwa ikichukua pamba. Smalls ndiye aliyeshika usukani wake, ila hakupewa jina la rubani kwa kuwa alikuwa mtumwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa Wazungu walikwenda kulala mjini. Smalls akavaa kofia ya nahodha, akang'oa nanga, akawapakia mkewe Hannah, watoto wao na watumwa wenzao. Kila alipopita ngome alipiga filimbi ya meli kwa ishara iliyotakiwa, nao walinzi wakamwacha apite. Kama wangemtambua, wote wangeangamia. Alipotoka mbali na mizinga ya Fort Sumter alitweka shuka nyeupe, akaikabidhi meli kwa manowari za Kaskazini, pamoja na mizinga na daftari la ishara.

Tarehe 7 Aprili 1863 alikuwa rubani wa manowari Keokuk katika vita vya Charleston. Ilipigwa makombora kama 90, ikazama kesho yake, yeye akapona. Baadaye alifanywa nahodha wa Planter, akajifunza kusoma, akainunua nyumba ya bwana wake wa zamani, na mwaka 1874 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Alifariki mwezi wa Februari 1915.

Mimi naona dola ile ilijidanganya yenyewe. Ilimhesabu mtu huyu kuwa mali, kisha ikamwachia usukani.