James Still, mwandishi aliyebeba vitabu begani katika milima ya makaa ya mawe

Mwaka 1932, katikati ya mgogoro mkubwa wa uchumi nchini Marekani, kijana mmoja mwenye diploma tatu alifika Hindman, mji mdogo wa wilaya ya Knott, mashariki mwa jimbo la Kentucky. Alipewa kazi ya kutunza maktaba ya shule. Mwanzoni hakulipwa mshahara, alipata chakula na mahali pa kulala tu. Kijana huyo alikuwa James Still. Leo anahesabiwa kati ya waandishi wakubwa wa hadithi fupi za milima ya Appalachia.

James Still hakuwa mzaliwa wa Kentucky. Alizaliwa tarehe 16 Julai 1906 karibu na LaFayette, katika jimbo la Alabama, kwenye nchi ya mashamba ya pamba. Alikuwa mmoja wa watoto 10. Baba yake alitibu farasi, na nyumbani vitabu vilikuwa vya kuhesabika.

Mwaka 1924 aliingia chuo cha Lincoln Memorial, kule Harrogate, jimbo la Tennessee. Ili kulipa masomo, alivunja mawe, kisha akawa mfagiaji wa maktaba. Wengine walipokwenda kulala, yeye alibaki humo akisoma magazeti ya zamani yaliyokuwa yamewekwa kando. Moja kati ya hayo lilikuwa The Atlantic, gazeti lililokuja baadaye kuchapisha hadithi zake mwenyewe. Alimaliza mwaka 1929, kisha akaendelea na masomo katika chuo kikuu cha Vanderbilt na kile cha Illinois.

Kule Hindman, Still aliona kwamba shule nyingi za vijijini, zenye chumba kimoja tu, hazikuwa na kitabu cha kusomea. Alijaza vitabu katika sanduku, akalitia begani na kutembea kwa miguu kutoka shule moja hadi nyingine, akipita kwenye vijia vya milimani na kando ya mito. Baada ya muda alirudi kuvichukua na kuleta vingine. Njiani aliongea na watu, akasikiliza namna wanavyosema, na kuandika maneno yao katika madaftari. Sehemu ya madaftari hayo ilitoka kama kitabu mwaka 1991.

Wakati huo, waandishi wengi wa mbali waliwaonyesha watu wa milimani kama wajinga, walevi na watu wa visasi vya bunduki. Still aliandika kama jirani. Katika hadithi zake mna watoto, wakulima na wachimbaji wa makaa ya mawe. Njaa imo, kicheko kimo pia, lakini hamchekei maskini wala hamlilii.

Mwaka 1937 alitoa mashairi yake, na mwaka 1940 riwaya yake, River of Earth. Riwaya hiyo inasimulia juu ya familia ya Baldridge kwa macho ya mtoto wa kiume. Baba anataka kufuata kazi ya machimbo kila mahali inapofunguliwa. Mama anataka kipande cha ardhi, alime na kukaa. Ndugu wa baba wanapokuja kula akiba ndogo ya nyumba bila kufanya kazi, mama anaichoma moto nyumba yao wenyewe. Familia inahamia katika kibanda cha kukaushia nyama, ambamo wageni hawana nafasi. Machimbo au shamba: hata huku kwetu, familia nyingi zinalijua swali hilo.

Kitabu kilisifiwa, lakini mwaka mmoja mbele yake John Steinbeck alikuwa ametoa The Grapes of Wrath, riwaya nyingine juu ya familia maskini iliyo njiani, ambayo ilijulikana dunia nzima. Mwaka 1941 Still alitoa hadithi zake fupi kwa jina la On Troublesome Creek, yaani mto unaopita Hindman. Kisha vita vikamchukua. Alitumika katika jeshi la anga la Marekani, Afrika na Mashariki ya Kati.

Vita vilipokwisha, alirudi katika nyumba ya magogo aliyohamia tangu 1939, mbali na barabara kubwa, akaendelea kulima bustani na kuandika polepole. Miaka ya 1960 alifundisha katika chuo cha Morehead. Vitabu vyake vilikuwa vigumu kupatikana, hadi mwaka 1978 chuo kikuu cha Kentucky kilipochapisha upya River of Earth. Kizazi kipya cha waandishi wa milimani kikagundua kwamba lugha ya wazazi wao ilikuwa imekwisha kuingia vitabuni bila kudharauliwa.

James Still alifariki tarehe 28 Aprili 2001, akiwa na miaka 94. Alizikwa katika kiwanja cha shule ya Hindman. Mwezi Julai 2022, mto Troublesome ulifurika na kuharibu sehemu ya shule hiyo, lakini shule iko bado. Mtu aliyefika pale kama mgeni, bila mshahara, amebaki pale pale, kati ya majirani aliowaandika.