Bibi Nightingale: Muuguzi Aliyeshika Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo walivyotuusia wazee wetu, na kila mwenye duka aijua maana yake. Lakini ni wachache wakumbukao kuwa roho za wagonjwa nazo zahitaji daftari. Mmoja aliyelitambua hilo ni Bibi Florence Nightingale, ambaye wengi wamjua kwa taa yake tu.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, na jina la mji huo ndilo alilopewa. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Alipotaka kuwa muuguzi jamaa zake walimkatalia, kwani zama hizo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu duni. Hakurudi nyuma. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza. Na mwaka 1853 akapewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Mwaka huo huo Waturuki waliingia vitani na Warusi, na mwaka 1854 Waingereza na Wafaransa wakawaunga mkono Waturuki. Dola ya Kituruki iliwapa Waingereza kambi kubwa ya Selimiye, iliyoko Uskudar, ng'ambo ya Stambuli upande wa Asia, waifanye hospitali. Bibi Nightingale alifika hapo tarehe 4 Novemba 1854 pamoja na wanawake 38. Walikuta majeruhi wamelala sakafuni, nguo hazifuliwi, na mifereji ya uchafu imeziba chini ya jengo. Usiku alipita baina ya wagonjwa na fanusi ya Kituruki mkononi, na hapo ndipo ilipotoka sifa ya bibi mwenye taa.

Hata hivyo, watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855, kadiri ya wagonjwa 42 katika kila 100 walioingia hospitalini humo walifariki, na wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi wa Machi ikaja tume kutoka Uingereza, ikazibua mifereji na kupitisha hewa safi, na vifo vikapungua sana.

Wakati wa vita Bibi huyu alidhani kuwa askari walikufa kwa njaa na uchovu waliokuja nao. Aliporejea kwao mwaka 1856 aliketi na William Farr, bingwa wa takwimu, wakazichambua hesabu. Likadhihirika jambo zito: jengo lile lile alimohudumu ndilo lililoua wengi. Angeweza kunyamaza, maana taifa zima lilikuwa likimsifu. Hakunyamaza. Alizitia hesabu hizo katika michoro ya rangi, wakubwa wa serikali wakaona kwa macho yao. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chama cha Takwimu cha London.

Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya ujenzi wa hospitali. Humo alipima hata kazi ya muuguzi: chumba kiwe na vitanda kama 30, ili msimamizi mmoja awaone wagonjwa wote. Alitaka pia maji ya moto yafikishwe kila ghorofa, na pawe na kengele, ili nguvu za muuguzi zisiishie ngazini. Mwaka 1860 ikafunguliwa shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90, lakini kipimo hakikufa naye. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, Marekani, walianza kutoa pointi kwa kila tiba apewayo mgonjwa mahututi. Mwaka 2003 Dinis Reis Miranda na wenzake wakatoa kipimo kingine, ambacho pointi 100 ni kazi ya muuguzi mmoja usiku na mchana. Basi muuguzi akiachiwa wagonjwa wawili wa pointi 70 kila mmoja, amebebeshwa 140, na mzigo huo mgonjwa ndiye atakayeulipia.

Kwa hiyo, msomaji, ukimkuta muuguzi akiandika kando ya kitanda cha mgonjwa wako, usidhani kuwa anapoteza wakati. Na akikwambia kuwa wagonjwa wamemzidi, usimwone mvivu. Uliza amepewa wangapi.