Daktari Bryce na Watoto wa Kanada

Safari hii tunawaletea habari za Daktari Peter Henderson Bryce. Hakuwa mchungaji wala askofu, lakini habari zake zatuhusu sisi Waanglikana kuliko ambavyo tungependa.

Alizaliwa mwaka 1853 huko Mount Pleasant, Ontario. Baada ya kuhitimu udaktari alikuwa katibu wa kwanza wa halmashauri ya afya ya jimbo hilo. Mwaka 1904 serikali ya Kanada ilimweka kuwa mganga mkuu wa idara iliyosimamia wenyeji, yaani makabila yaliyokuwako kabla Wazungu hawajafika.

Siku hizo watoto wa makabila hayo walitengwa na wazazi wao na kuwekwa katika shule za bweni. Fedha zilitoka serikalini, na waendeshaji walikuwa makanisa: Katoliki, Presbiteri, Methodisti na Anglikana letu. Shabaha ilikuwa kuwasahaulisha lugha na desturi za kwao.

Mwaka 1907 Bryce alikagua shule 35 za Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Sisi tuliolala jirani na mabweni miaka mingi tunajua jinsi kikohozi cha mmoja kinavyofika kitanda cha tatu. Huko majira ya baridi ni marefu, na madirisha yalizibwa miezi mingi ili joto lisitoke. Wenye kifua kikuu walilala pamoja na wazima. Tena ruzuku ilitolewa kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo hata mtoto mgonjwa alipokewa ili nafasi ijae. Shule 15 zilimpa hesabu za wanafunzi 1,537 waliopita humo. Karibu robo yao walikuwa wamekwisha kufa. Katika shule ya File Hills waliokufa walizidi nusu.

Tusidhani alipinga shule zenyewe. Hapo alikuwa mtu wa zama zake. Alitaka hewa safi, matibabu, na serikali izichukue shule kutoka mikononi mwa makanisa. Magazeti yalitangaza habari hizo, lakini serikali iliogopa gharama, na makanisa hayakutaka kuachia. Duncan Campbell Scott, aliyeshika idara mwaka 1913, aliona taarifa za daktari hazihitajiki tena. Mwaka 1920 sheria ikalazimisha watoto kuhudhuria. Mwaka uliofuata Bryce alistaafishwa, na mwaka 1922 akatoa kijitabu kilichoyaita mambo hayo uhalifu wa taifa. Kilisomwa kidogo, kikasahauliwa. Alifariki safarini baharini mwaka 1932.

Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, baada ya kupitisha watoto wapatao 150,000. Wengi waliorudi makwao hawakuweza kuzungumza na bibi zao. Waliokuzwa kwa kiboko, bila mama wala baba, walipopata watoto hawakujua mzazi hufanyaje. Ulevi na huzuni vikaingia nyumbani, na wajukuu ambao hawakuzikanyaga shule hizo wakarithi maumivu yake. Tarehe 6 Agosti 1993, huko Minaki, Askofu Mkuu Michael Peers aliwaomba radhi kwa niaba ya Kanisa la Anglikana la Kanada. Miaka 86 ilikuwa imepita tangu ukaguzi ule.

Bryce alizikwa Ottawa, na tangu mwaka 2015 kaburini pake pana kibao cha kumkumbuka. Makaburi ya watoto wengi wa shule zile hayana alama, na ndugu zao wangali wakiyatafuta.