Enoch Wood, mfinyanzi aliyekusanya majagi ya kale

Siku hizi nyumba nyingi za Uvira huchota maji kwa bidoni ya njano. Mtungi wa udongo wa bibi zetu umesukumwa pembeni, na ukivunjika vigae vinatupwa pamoja na takataka. Tumeona vema tuwasimulie habari za mtu aliyeona vyombo vya namna hiyo vikitupwa katika mji wake, akaanza kuviokota. Jina lake ni Enoch Wood, wa Uingereza. Ninyi Wamethodisti wa huku kwetu, kuanzia Uvira hadi Baraka na Nundu, mna sababu ya pili ya kumsikiliza: ni yeye aliyeufinyanga uso wa John Wesley, Wesley mwenyewe akiwa amekaa mbele yake.

Wood alizaliwa mwaka 1759 katika Burslem, mji wa wafinyanzi katika jimbo la Staffordshire. Aaron, baba yake, alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za vyombo. Ndugu ya baba yake, Ralph Wood, anakumbukwa mpaka leo kwa majagi yenye sura ya mtu, yale yanayoitwa Toby. Mtoto alikua katikati ya udongo na moshi wa tanuru, kisha akapelekwa kujifunza kazi kwa Humphrey Palmer katika mji jirani wa Hanley.

Jagi la Toby ni chombo cha kuchekesha. Ni mzee mnene aliyekaa, amevaa kofia ya pembe tatu, na mkononi ana kikombe cha pombe kinachofurika povu. Udongo ulikandamizwa ndani ya kalibu mbili, mbele na nyuma, nusu hizo zikaunganishwa, halafu fundi akaongeza mikono na mshikio. Pembe moja ya kofia ndiyo mdomo wa kumiminia. Mengine yalikuwa na kifuniko kidogo juu ya kofia, na kwa kuwa vifuniko hivyo vilivunjika upesi, leo wakusanyaji hufurahi sana wakipata jagi ambalo kifuniko chake bado kipo. Hutazama pia rangi: katika majagi ya mwanzo rangi ilichanganywa na ule ute wa kung'arisha, ikatiririka na kuingiliana ndani ya tanuru. Yaliyofuata yalipakwa rangi kwa brashi juu, ikatulia mahali pake. Tena wanajihadhari, kwa sababu majagi ya kuiga ni mengi.

Enoch alionyesha kipawa mapema. Mwaka 1777, akiwa kijana wa miaka 18, alifinyanga picha ya Bwana Yesu akishushwa msalabani. Miaka minne baadaye Wesley akafika Burslem.

Hapo inafaa turudi nyuma kidogo. Wesley alipohubiri katika mji huo mwaka 1760, mtu mmoja alimtupia bonge la udongo likampiga kichwani, naye akaendelea na mahubiri. Mwaka 1781 mzee huyo, sasa akikaribia miaka 78, alikaa kwa utulivu mbele ya kijana wa miaka 22, zaidi ya mara moja, ili udongo wa mji uleule uchukue sura yake. Sanamu hiyo ya kichwa na mabega ilinakiliwa mara nyingi, ikaingia katika nyumba za waumini wa kawaida.

Jambo moja lilitusumbua. Ukoo uleule wa Wood ulimtengeneza mhubiri, na ukamtengeneza mlevi. Wesley aliwakataza watu wake kununua na kuuza pombe kali, yaani ndugu wa lutuku yetu. (Bia kwa kiasi hakuikataza, habari ambayo baadhi ya wachungaji wetu hawataipenda.) Lakini kiwanda cha Enoch nacho kilichoma majagi ya Toby, na kwenye rafu ya duka mzee wa kofia aliweza kukaa jirani na mtumishi wa Mungu. Hatuna sababu ya kumpamba Wood. Alikuwa mfanyabiashara, aliuza kilichonunuliwa. Kuanzia mwaka 1790 alishirikiana na James Caldwell, na mwaka 1818 kiwanda kikawa chake na wanawe, kikisafirisha vyombo vingi vya buluu mpaka Marekani.

Kinachotuvuta zaidi ni kazi aliyoifanya kando ya biashara. Wafinyanzi wenzake walipokimbilia mitindo mipya, yeye alitafuta vyombo vya wazee wao, hata vyungu vya siagi visivyo na urembo, akavipanga ili mtu aone jinsi ufundi wa mji ulivyokua. Mwaka 1835 alimpa mfalme wa Saxony, huko Ujerumani, vipande 182. Alifariki mwaka 1840, na vingi vya vile vilivyobaki vikatawanyika, ingawa baadhi vimo katika makumbusho ya London.

Sisi wa Uvira tunajua kutawanyika. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa nne mwaka 2020, waliopoteza nyumba walipoteza pia picha za wazazi na vitabu vya familia, na vita vimechukua vingine vingi. Ndiyo maana tunawaomba akina mama wazee wa parokia zetu: kama bado kuna mtungi nyuma ya jiko, mwambieni mjukuu ni nani aliyeufinyanga na udongo ulichimbwa wapi.

Jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Paulo lilipowekwa Burslem mwaka 1828, Wood alifukia chini yake vyombo vya udongo vya wakati wake. Kanisa hilo lilibomolewa katika miaka ya 1970, na vyombo vile vikakutwa humo ardhini.