Az-Zahrawi na Koo Lililoziba

Wanafunzi wa udaktari humsikia Az-Zahrawi akitajwa kuwa baba wa upasuaji, kisha basi, somo linaendelea. Jina lake ni Abu al-Qasim Khalaf ibn Abbas az-Zahrawi. Alizaliwa yapata mwaka 936 katika mji wa Az-Zahra, karibu na Cordoba, Andalusia, akafariki yapata 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina juzuu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, yenye michoro ya vyombo takriban 200.

Tunalotaka kulikumbusha ni namna alivyomshughulikia mtu aliyezibwa pumzi. Kwake haikutosha kujua kwamba koo limeziba. Alitaka kujua limezibwa na nini, na mahali gani. Mgonjwa aliketishwa akielekea jua, akafungua kinywa, ulimi ukakandamizwa, tabibu akatazama. Ndivyo alivyotofautisha mafindofindo yaliyovimba na mwiba wa samaki, au hata ruba aliyemezwa na mtu akinywa maji. Ruba akionekana alivutwa kwa ndoana ndogo. Asipotoka, mgonjwa alinyimwa maji siku nzima, kisha akasukutua maji baridi, ruba ayafuate.

Kutoboa koo ili mtu apate hewa alikueleza kutoka kwa matabibu wa kale, akisema wazi kwamba hajamwona yeyote wa nchi yake akifanya. Lakini aliwahi kuitwa kumwona kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Damu ilikuwa kidogo, mishipa mikubwa salama, na pumzi ikitoka jerahani. Akalishona. Binti akapona, akabaki na sauti ya kukwaruza tu. Hapo Az-Zahrawi akajua kuwa kupasua njia ya hewa si lazima kuue.

Hata hivyo aliweka sharti, na kwa maoni yetu sharti hili lina thamani kuliko michoro yote: kutoboa humfaa aliyezibwa juu, kinywani au kooni. Ugonjwa ukishashuka hadi mapafuni, hakuna faida.

Chukua mfano wa karibu. Paya, wilayani Tororo, karanga huliwa sana, na punje inayompalia mtoto huweza kupita kooni ikakwama katika njia ya pafu moja. Kikohozi hutulia, wazazi wakashukuru. Baadaye kifua huanza kulia, na mtoto akatibiwa pumu au nimonia kwa wiki kadhaa. Eksirei huenda isiionyeshe karanga. Kinachoifichua ni sauti ya pumzi iliyofifia upande mmoja, na kumuuliza mama kama mtoto alipaliwa siku za karibuni. Huyu kutoboa shingo hakumfai; anahitaji bronkoskopi.

Katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona aliitafsiri juzuu ya 30 kwa Kilatini, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa karne kadhaa wakimwita mwandishi wake Abulcasis. Mwenyewe hakuyaona hayo. Katika uzee wake mji wa Az-Zahra uliporwa na kubomolewa kwenye fitina ya Andalusia. Mwenyezi Mungu amrehemu.