Kakungulu: Jemadari Aliyekosa Taji

Ukifuata hii barabara yetu ya Turbo hadi Malaba, ukavuka mpaka, unafika Mbale. Mji huo ulianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda.

Alianza kama mwindaji wa ndovu. Vita vya dini vilipozuka Buganda, akaongoza majeshi ya Wakristo na Kabaka Mwanga akarudishwa kwa kiti chake. Lakini 1899, ni Kakungulu huyo huyo aliyesaidia Waingereza kumkamata Mwanga, pamoja na Kabalega wa Bunyoro.

Kisha akaenda mashariki, Bukedi. Akateka nchi kwa bunduki, akajenga ngome na barabara, akaweka machifu wake. Wenyeji waliumia. Yeye moyoni alitaka kuwa mfalme wa huko. Kazi ilipokwisha, 1902, Waingereza wakamtoa Budaka wakampa shamba Mbale. Baadaye wakamweka juu ya machifu wa Busoga, nako akatoka 1913.

Mzee akabaki na Biblia. Akalisoma Agano la Kale, na 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, akashika sheria ya Musa. Waliomfuata wangali huko Mbale, Wayahudi mpaka leo. Alifariki 1928.

Mpendwa, sisi tuko chini ya neema. Lakini jiulize wiki hii: hizo nguvu zako, unamtumikia nani? Wakubwa watakutumia, kisha watakusahau. Na uliowakanyaga ukipanda, umewaomba msamaha?