Ernst May: Aliwajengea wafanyakazi Frankfurt, akaigawa Kampala kwa rangi

UKIINGIA katika Makavazi ya Uganda, kando ya barabara ya Kira jijini Kampala, huenda usione ajabu yoyote katika jengo lenyewe. Halina nakshi wala nguzo za fahari. Kumbi zake ni pana, na mwanga huingia kutoka sehemu ya juu ya kuta. Lilifunguliwa mwaka wa 1954, na aliyelichora alikuwa Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi, Ernst May.

Jina hilo halitajwi sana hapa kwetu. Nchini Ujerumani, hata hivyo, historia ya ujenzi wa miji haiwezi kuandikwa bila yeye.

May alizaliwa mjini Frankfurt mnamo Julai 27, 1886, katika familia ya mwenye kiwanda cha ngozi. Alisomea usanifu wa majengo London, Darmstadt na Munich. Kati ya 1910 na 1912 alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, bingwa wa mitaa yenye bustani, na huko akashawishika kwamba hata mtu wa kipato kidogo anastahili jua, hewa safi na kipande cha ardhi cha kupanda mboga.

Mwaka wa 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimkabidhi idara ya ujenzi ya jiji hilo. Vita Kuu vya Kwanza vilikuwa vimeiacha Ujerumani na uhaba mkubwa wa makao. Katika muda wa miaka mitano tu, May na wenzake walijenga zaidi ya nyumba 12,000. Zilikuwa na paa bapa na kuta zisizo na mapambo, na baadhi zilijengwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kupachikwa kwa winchi. Mtaa wa Römerstadt, uliojengwa juu ya bonde la mto Nidda, ulitiwa umeme katika kila nyumba, jambo lililokuwa geni wakati huo.

Ndani ya nyumba hizo mlikuwa na jiko lililobuniwa mwaka wa 1926 na msanifu wa kike katika kikosi chake, Margarete Schütte-Lihotzky. Alipima hatua za mpishi, akapanga makabati, sinki na meza katika chumba cha takriban mita 1.9 kwa mita 3.4. Majiko ya aina hiyo yapatayo 10,000 yaliwekwa Frankfurt. Mpangaji wa fleti ya kisasa mtaani Kilimani au South B anayefungua kabati lililojengewa ukutani juu ya sinki anatumia wazo lililotoka huko.

Lakini kodi ya nyumba hizo iliwashinda wengi wa wafanyakazi waliokusudiwa, na walioingia zaidi ni makarani na watu wenye mishahara ya uhakika. Hili nasi tunalijua vyema. Mara ngapi nyumba za bei nafuu zimejengwa hapa Nairobi zikaishia mikononi mwa wenye uwezo?

Mwaka wa 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka na fedha za ujenzi kukauka, May alielekea Muungano wa Kisovieti pamoja na kikosi cha wasanifu kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Mambo hayakwenda alivyotarajia. Vifaa vilikosekana, na wakuu wa Moscow wakaanza kuuchukia mtindo wake. Alipoondoka mwaka wa 1933, Hitler alikuwa ameshika hatamu nyumbani. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, na hakuweza kurudi.

Hivyo ndivyo mtu aliyesimamia ujenzi wa jiji zima alivyojikuta akilima karibu na Arusha, Tanganyika. Mnamo 1937 aliacha kilimo na kufungua ofisi ya usanifu Nairobi. Vita Kuu vya Pili vilipozuka, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui licha ya kwamba aliwakimbia Wanazi, wakamzuilia Afrika Kusini hadi 1942.

Kazi iliyofuata ndiyo inayozua maswali mengi kuhusu maisha yake. Kuanzia 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimwajiri kupanga upanuzi wa Kampala. Alichora mitaa yenye shule, masoko na nafasi za miti, ikifuata mikunjo ya vilima, na kwa ufundi ilikuwa kazi safi. Lakini kilima cha Kololo kilitengewa Wazungu na Waasia, na Naguru, ng'ambo ya bonde, Waafrika. Zaidi ya hayo, May aliwapanga Waafrika kwa ngazi, kulingana na jinsi alivyodhani wamezoea maisha ya mjini. Alibuni pia nyumba ya vipande vya zege yenye umbo la upinde kwa ajili yao, ila haikuenea.

Ni kweli kwamba ubaguzi wa makao haukuanza na yeye. Nairobi ilikuwa imegawanywa hivyo kabla hajafika. Lakini huyu alifukuzwa kwao kwa sababu ya nasaba, na kwa maoni ya mwandishi huyu, udhuru wa kwamba alikuwa mtu wa nyakati zake hautoshi.

Majengo yake mengine yana sura tofauti. Mjini Moshi, Wachagga wakulima wa kahawa walimwajiri kupitia chama chao cha ushirika, KNCU, awachoree jengo la makao makuu. Waafrika waliopangiwa mahali pa kuishi Kampala, Moshi ndio waliokuwa wateja. Mjini Kisumu alichora shule ya wasichana ya Aga Khan, na Mombasa akabuni hoteli ya Oceanic, iliyopinda ili vyumba vipate upepo wa bahari.

Aliondoka Kenya mwishoni mwa 1953, wakati wa hali ya hatari, akaongoza mipango ya kampuni ya nyumba ya Neue Heimat, Hamburg. Alishiriki pia kupanga Neue Vahr mjini Bremen, mtaa wa nyumba zipatazo 10,000. Alifariki Hamburg mnamo Septemba 11, 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Mwaka wa 2011 serikali ya Uganda ilitaka kuyabomoa makavazi yake ili kujenga mnara wa biashara wa orofa 60. Watetezi wa turathi walienda mahakamani, na jengo hilo lingali wima. Mwaka uo huo, mitaa ya Naguru na Nakawa iliyojengewa Waafrika enzi za ukoloni ilibomolewa, na maelfu ya wakazi wakafurushwa.